Maji ya Viazi

Nyama ilikuwa kidogo mpaka Tingo akaona haya kuikata. Aliilaza juu ya kiganja chake cha kushoto, akaitazama kama mtu aliyeletewa kiatu cha mtoto ajaribu kukivaa. Muuguzi wa kitengo cha figo ndiye aliyetoa kipimo hicho: nyama ya mlo mmoja isizidi kiganja cha mgonjwa mwenyewe, na vidole visihesabiwe.

"Hii ni nyama au ni kielelezo cha nyama?" aliuliza.

"Kata, wewe," sauti ilijibu kutoka sebuleni. "Unabishana na ng'ombe aliyekwisha kufa."

Sauti hiyo ilikuwa ya Suka. Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na jina hilo la barabarani lilikuwa limemganda mpaka hata mwenye duka la jirani hakulijua lingine. Tingo alikuwa utingo wake: yule anayeruka chini wa kwanza na kupanda wa mwisho, anayefunga turubai, anayesimama nyuma ya tela usiku na mchana akipiga kelele "rudi, rudi, rudi, hapo!" Walizeeka ndani ya lori moja. Walipostaafu, Suka alikuwa na nyumba na binti mmoja. Tingo alikuwa na begi. Begi likahamia chumba cha uani, na yule binti, karani wa posta, akaanza kumwita Baba Mdogo bila kuagizwa na mtu.

Sasa figo za Suka zilikuwa zimegoma. Alikuwa akipelekwa hospitali kila baada ya siku chache, analazwa kwenye kiti kirefu, damu yake inatoka kwa mrija mmoja, inapita kwenye mashine ikasafishwe, inarudi kwa mrija mwingine. Hilo alilivumilia. Kilichomshinda ni chakula. Wali mweupe bila chumvi, kabichi ya kuchemsha bila chumvi, ute wa yai bila chumvi: kila sahani ilirudi jikoni kama ilivyotoka, imechokonolewa pembeni kidogo kwa ajili ya heshima.

Muuguzi, ambaye wote walimwita Sista, aliwavuta Binti na Tingo kando. "Mashine inasafisha damu, hailishi mtu," alisema. "Asipokula, misuli inakwisha. Ataendelea kukonda, na iko siku mwili hautaihimili hiyo mashine yenyewe. Mpeni anachokitamani, mradi kipikwe ninavyowaelekeza."

Anachokitamani. Walimuuliza njia nzima ya kurudi nyumbani, na Suka aliegemea kioo cha teksi. Walipofika getini ndipo aliposema: "Alicha."

Binti alidhani ni jina la mwanamke. Tingo alicheka mpaka akashika ukuta.

Alicha ni mchuzi wa nyama wa Wahabeshi, ule wa manjano, si ule mwekundu wenye pilipili ya kumtoa mtu jasho la masikio. Miaka waliyopeleka mizigo Ethiopia walikuwa wakiegesha karibu na kibanda cha mwanamke mmoja waliyemwita Mama Manjano, kwa sababu ya vidole vyake vilivyokolea binzari. Suka alikula pale kila safari, akimega na ule mkate wao mpana wenye vitundu. Tingo alipewa chake jikoni, kwa hiyo Suka alijua ladha, na Tingo alijua mapishi.

Ndiyo maana leo alikuwa amesimama mbele ya jiko la gesi akiwa na nyama ya kiganja. Aliikata vipande vidogo iwe kama imeongezeka. Vitunguu alivikatakata hadi vikawa kama punje, akavitia kwenye sufuria kavu, bila tone la mafuta, akawa anavigeuza kwa mwiko juu ya moto mdogo. Mama Manjano alikuwa akimpiga kofi mkononi kila alipogusa mafuta mapema. Kitunguu lazima kwanza kitoe maji yake chenyewe, kilainike, kikate tamaa. Ndipo yakaingia mafuta kidogo, kitunguu saumu, tangawizi na binzari, na nyumba nzima ikabadilika harufu.

"Wee!" Suka alisema kule sebuleni, na kiti kikalia. "Wee, Tingo!"

"Tulia, bado nyama."

"Nimetulia. Pua ndiyo haijatulia."

Ikafika zamu ya viazi. Alicha ina viazi na karoti, na hapo Sista alikuwa mkali. Alisema mboga hizo zina madini yanayoitwa potasiamu. Mwenye figo nzima huyatoa kwenye mkojo, lakini Suka hana pa kuyapeleka, yatabaki kwenye damu, na yakizidi yanausumbua moyo hadi unaweza kusimama. Kwa hiyo: menya, kata vidogo, loweka, chemsha kwa maji mengi, na maji hayo mwaga. Vipande vichache tu ndivyo viingie kwenye mchuzi.

Tingo alisikia kila neno, na alifanya kila jambo. Alimenya, akakata, akaloweka, akachemsha mpaka viazi vikawa laini, akavitoa kwa kijiko chenye matundu. Yakabaki maji. Alinyanyua sufuria, akaipeleka kwenye sinki, akaiinamisha, na mkono ukakataa.

Mtu aliyekulia kwenye bomba hawezi kulielewa hilo. Kule njiani kulikuwa na nchi kavu ya kutwa nzima, mawe meusi na upepo, na lori likiharibika hapo hakuna wa kumgongea mlango. Maji waliyooshea mchele walipikia maharage. Yaliyobaki walinawia mikono juu ya beseni, na ya kwenye beseni yaliingia kwenye rejeta ya lori. Tangu hapo Tingo hakuwahi kumwaga maji yaliyopita kwenye chakula. Hakufikiri juu yake, kama vile mtu asivyofikiri kabla ya kupepesa jicho.

Alinusa mvuke. Ulikuwa na harufu nzuri ya viazi. Madini, aliwaza, si ni vitu vya ardhini? Si ndiyo sababu ya kuchemsha? Uchafu wote wa shambani ungekuwa umekufa kwa moto huu. Sista ni mtu mzuri, lakini ni mtu wa bomba. Na mchuzi usio na chumvi unahitaji kusaidiwa na kitu.

Aliyamimina yale maji kwenye nyama, yote, akafunika.

Suka alikula. Alikula akiwa ameinama, akiuchanganya mchuzi na wali kwa vidole, akaifuta sahani kwa upande wa mkono, akaiangalia ilivyong'aa. "Haina chumvi," alisema.

"Haina hata punje."

"Lakini ina kitu."

"Ina mimi," Tingo alisema, na Suka akacheka kicheko ambacho hakikuwa kimesikika kwenye nyumba ile kwa muda mrefu. Binti, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini na mkoba ungali begani, aliiona ile sahani nyeupe, akaenda moja kwa moja chumbani kwake akafunga mlango. Walimsikia akipenga kamasi.

Basi ikawa alicha kila mchana. Tingo alikuwa akiamka na wimbo mdomoni. Alimenya, akaloweka, akachemsha, akatoa, na maji akayarudisha kwenye mchuzi, na kila siku Suka alisema ina kitu. Alianza hata kumtania Binti kwamba amtafutie Tingo mke, maana mwanamume anayejua kitunguu kinalia vipi asiachwe aharibike bure.

Kisha miguu ikavimba. Ndala za Suka hazikuingia, akasema zimesinyaa kwa jua. Jioni akasema miguu ni mizito kama si yake. Asubuhi ya siku ya mashine hakuweza kuinuka kitandani kabisa. Tingo alimpitishia mikono kwapani, akamnyanyua, na kichwa cha Suka kikamwangukia begani.

"Nimekatika breki, Tingo," alinong'ona. "Nashuka tu."

"Hushuki popote. Shika shingo yangu."

Hospitalini walimpima damu, na matokeo yalipokuja watu walianza kutembea upesi. Daktari aliitwa. Wakambandika nyaya kifuani, wakamchoma sindano, wakamuunganisha kwenye mashine kabla ya waliokuwa wamemtangulia, na pazia likavutwa. Binti alibaki nje ya pazia akiwa ameshika ndala za baba yake. Tingo alikaa kwenye benchi la korido. Lori likikwama mlimani alijua la kufanya: anaruka na jiwe, analitia nyuma ya gurudumu, hata kama vidole vitabanwa. Hapa hapakuwa na gurudumu. Alikaa na mikono yake juu ya magoti, imefunguka, kama ya mtu anayesubiri kupewa kitu.

Ilipita asubuhi yote kabla Sista hajatoka. Alikuwa na jasho chini ya kofia.

"Moyo umetulia," alisema. "Lakini ilikuwa karibu sana. Potasiamu ilikuwa juu kuliko nilivyowahi kuiona kwake. Amekula nini? Ndizi? Parachichi? Kuna mtu kampa maji ya dafu?"

"Hakuna," Binti alisema. "Anakula chakula cha nyumbani tu. Baba Mdogo ndiye anayempikia."

Sista akamgeukia. "Hebu niambie, mzee wangu. Unapika vipi?"

Tingo alisimama kujibu, kama mwanafunzi aliyelijua jibu. Alieleza vitunguu, alieleza nyama ya kiganja. Alieleza viazi: kumenya, kuloweka, kuchemsha kwa maji mengi, kuvitoa kwa kijiko chenye matundu. Sista alikuwa akitikisa kichwa kukubali kila hatua.

"Na maji yake?"

"Hayapotei," Tingo alisema. "Ndiyo mchuzi wenyewe."

Sista alifumba macho. Hakukaripia, na Tingo angeona nafuu kama angekaripia. "Mzee wangu," alisema taratibu, "yale madini hayafi kwa moto. Yanahama. Yanatoka kwenye kiazi yanaingia kwenye maji, ndiyo sababu tunayamwaga. Wewe ulikuwa unayakusanya, halafu unampa yote. Na hayo maji yenyewe yamemjaa mwilini, hana pa kuyatolea."

Tingo alifungua mdomo. Alitaka kusema kuhusu nchi kavu, na mawe meusi, na beseni, lakini aliyaona maneno hayo yalivyo marefu na korido ile ilivyo fupi.

"Ilikuwa na kitu," alisema tu.

Binti alisubiri mpaka walipokuwa njiani kurudi nyumbani, wawili peke yao, Suka amelazwa. Alikuwa akitazama dirishani. "Baba Mdogo," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "usipike tena."

"Sawa, mwanangu."

"Najua hukutaka."

"Sawa, mwanangu."

Suka aliporudi nyumbani, Binti alikuwa akiamka alfajiri, anapika kabla ya kwenda posta, anaacha chakula kimefunikwa. Mchana Tingo alikipasha moto, akakipeleka, akakirudisha. Hata ile kuchokonoa pembeni Suka aliiacha.

"Kapika nani?"

"Binti yako."

"Mwambie asante, nimeshiba."

"Umeshiba kwa kutazama?"

"Na wewe mbona hupiki? Wanasema ulitaka kuniua."

"Ningetaka kukuua," Tingo alisema, "ningekuacha usinzie siku ile kwenye kona za milimani, nisikumwagie chai mapajani."

"Ile chai ilikuwa ya moto, mshenzi wewe."

"Ndiyo maana uko hai."

Suka alitabasamu, lakini akageukia ukutani. Alikuwa amebaki mifupa na shati. Jioni, Binti alipomkumbusha kwamba kesho ni siku ya mashine, alisema haendi. Alisema bila hasira, kama mtu anayekataa kuongezewa chai. "Mnanipeleka kusafishwa, nasafishwa nini? Hamna kitu humu ndani. Niacheni nipumzike nyumbani kwangu."

Binti alimbembeleza, akamlilia, akamtisha kwa jina la mama yake. Suka alimshika mkono akaupapasa, asibadilishe neno.

Ndipo Binti alipokuja uani. Tingo alikuwa ameketi kitandani mwake, taa hajaiwasha. Binti alisimama mlangoni, bado amevaa sare ya posta.

"Baba Mdogo, njoo upike."

"Siwezi."

"Nitasimama na wewe."

"Mwanangu, mikono hii siiamini."

"Mimi pia siiamini," Binti alisema, na sauti ikamkatika. "Lakini sina mingine."

Wakasimama pamoja jikoni. Kitunguu kililia chenyewe kwenye sufuria kavu. Binti alifuata kila kijiko kwa macho, na Tingo hakumlaumu. Viazi vilipoiva alivitoa, vipande vichache, akashika sufuria ya maji kwa vitambaa viwili. Mvuke ulimpiga usoni. Alimwaga. Aligeuza uso asione, lakini sauti aliisikia, ile ya maji mazuri kushuka kwenye tundu la sinki, akawa kama anayemwaga mtoto na maji ya kuogea. Binti alimwekea mkono mgongoni. Kwenye nyama akatia maji machache ya bomba, na binzari zaidi, na kipande cha ndimu mwishoni, na akajua kabla hajaonja kwamba mchuzi haukuwa ule.

Suka aliketishwa kwenye mkeka, ameegemezwa kwa mito. Alionja, akatafuna muda mrefu.

"Umeyamwaga," alisema.

"Nimeyamwaga."

"Yote?"

"Yote."

Suka alirudisha mkono wake pajani. Binti, aliyesimama mlangoni, alishika fremu ya mlango. Wote watatu walijua chakula kile kilikuwa kimefikia mwisho wa uwezo wake.

"Kaa," Suka alimwambia Tingo. "Mbona umesimama kama mhudumu? Kaa ule na mimi."

"Hicho ni chako. Ni kiganja tu."

"Nitakupakulia wali wako, Baba Mdogo," Binti alisema haraka.

"Sitaki sahani mbili," Suka alisema. "Nimechoka kula huku nikitazamwa kama runinga. Akila humu, nakula. Asipokula, ondoeni."

Tingo alimtazama Binti, na Binti alimtazama Tingo. Ile sahani ilikuwa imepimwa. Kila kipande ambacho kingeingia kwa mwingine kingetoka kwenye mwili wa Suka, na mwili wa Suka haukuwa na cha kutoa. Na bila kipande hicho asingekula hata kimoja.

Tingo alinawa mikono, akaketi kwenye mkeka. Alipeleka mkono kwenye sahani, akashusha vidole upande wake bila kuugusa wali, akavikusanya juu ya hewa, akavipeleka mdomoni. Akatafuna. Alitafuna hasa, mashavu yakienda, akameza mate kwa sauti.

Suka alichukua kipande cha nyama, akala.

Tingo akapeleka mkono tena. Suka naye akala. Wakaenda hivyo, mkono na mkono, mmoja ukirudi na chakula na mwingine ukirudi mtupu, na sahani ikipungua kwa upande mmoja tu. Binti alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja.

"Unaionaje?" Suka aliuliza.

"Inakosa chumvi kidogo."

"Kidogo?" Suka alicheka puani. Macho yake yalikuwa juu ya vidole vya Tingo, vikavu, havina hata alama ya binzari. Aliviangalia vikienda na kurudi mara kadhaa. "Tafuna vizuri basi," alisema. "Usije ukapaliwa."

Tingo alijua kwamba ameonekana. Hakuwa na la kufanya ila kuendelea, akaendelea, na Suka akaendelea naye, polepole, mpaka pakabaki kipande kimoja.

"Gari la kesho linakuja mapema?" Suka alimuuliza bintiye bila kugeuka.

"Mapema, Baba."

"Nipigie pasi lile shati la mistari. Hili la sasa linanifanya nionekane mgonjwa."

Binti aliondoka haraka, na wakamsikia akigonga kabati huku na huku akitafuta pasi iliyokuwa mezani. Suka alikisukuma kile kipande cha mwisho kwa kidole, kikavuka wali, kikasimama upande wa Tingo.

"Hicho chako."

"Suka, acha."

"Chako. Kikweli sasa."

"Sista kasema…"

"Sista hayupo hapa. Kula, nikuone."

Tingo alikiokota. Kilikuwa kidogo kama nati ya baiskeli. Alikitia mdomoni mbele ya macho ya mwenzake, akakitafuna, akakitafuna tena, kigumu, hakina chumvi, huku machozi yakimshuka bila sauti hadi kwenye ndevu, na Suka akimtazama kwa makini bila kupepesa, kama anayesubiri kusikia kimefika.